Spitfire ya 1/32 kwenye vumbi la Dodoma: amua kwanza habari ya boneti

Swali hili la modeli za ndege za plastiki za kuunga limetoka kwa kijana wa Kibaigwa. Spitfire ni ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili, Mk.IXc ni toleo lake, Tamiya ni kampuni ya Japani inayotengeneza modeli, na skeli 1/32 maana yake ni ndogo mara 32 kuliko ndege halisi. Nalifupisha hivi: "Kaka, shemeji yangu kaniletea boksi la Tamiya, Spitfire Mk.IXc ya skeli 1/32. Mimi nimewahi kuunga tatu ndogo tu za 1/72. Hii ina vipande vingi mpaka naogopa kufungua mifuko. Nianzie wapi, ninunue zile sehemu za ziada za rezini na bati au niachane nazo, na kwa nini nikipulizia rangi huku kwetu inatoka kama msasa?"

Mbukwa mdogo wangu. Samahani nimechelewa kujibu, swali lako nililisoma juzi nikaona nisilijibu nikiwa nasimama simama, maana umeuliza mambo matatu lakini mi naona ni jambo moja tu limejigawa. Mimi nimepulizia rangi magari Kizota miaka mingi kabla sijaanza kushika hizi ndege, kwa hiyo nitakujibu kifundi rangi zaidi na utanivumilia.

Tuanze na ukubwa wenyewe kwa sababu ndio unaokutisha. Spitfire halisi ina mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Gawa kwa 72 unapata kama sentimita 15 na nusu, hizo ndio ulizozizoea. Gawa kwa 32 unapata sentimita 35, yaani rula ya shule na vidole vitatu juu yake. Urefu umezidi mara mbili na robo, sawa, lakini eneo la kupaka rangi limezidi mara tano, na jicho la mtu anayeangalia nalo linasogea karibu zaidi, linataka kuingia ndani. Kwenye ndogo ukipaka kiti cha rubani rangi moja ukafunga kioo hakuna atakayeuliza. Kwenye hii mtu anainama, anachungulia, anaona mkanda wa kiti, anaona saa kwenye dashibodi, anaona na alama ya kidole chako kwenye gundi. Kwa hiyo shida ya modeli kubwa wala sio wingi wa vipande, vipande vya Tamiya vinaingiana vizuri sana, shida ni kujua jicho la mtu litaingia wapi na litaishia wapi. Ukishajua hilo unajua kazi yako iko wapi na wapi usipoteze hata dakika.

Ndio maana nasema kabla hujakata kipande chochote, amua habari ya boneti, yaani vifuniko vya injini.

Hiyo seti yako inakuja na injini nzima ya Merlin na vifuniko vya injini vinashikwa na sumaku ndogo, unaweza kuvibandua na kuvirudisha. Ni kitu kizuri, watoto wanakipenda, lakini ndio sehemu inayotesa watu kuliko zote kwenye seti hiyo. Vile vifuniko ni vyembamba, na vinatakiwa kukaa bila mwanya juu ya injini ambayo wewe umeiunga kwa mkono. Injini ikikaa nusu milimita juu, boneti haifungi. Rangi ikiwa nene kwenye kingo, boneti haifungi. Umeongeza waya zako za mapambo pembeni, boneti haifungi. Na Spitfire ambayo boneti imekaa wazi kidogo kama mdomo, hata uipake vipi, inaonekana imegongwa.

Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza, boneti zinabaki zimefungwa siku zote, basi injini iunge kama kitabu kinavyosema kwa sababu boneti inataka kitu cha kushikia, ipake nyeusi upesi upesi, songa mbele, na usinunue chochote cha ziada cha injini. Ya pili, injini inakaa wazi, boneti unaziweka pembeni mezani kama mafundi wako kazini, hapo ndio unapamba unavyotaka maana hazitarudi. Kinachoua ni kutaka vyote viwili, ipambwe na ifunge pia. Mimi ya kwanza yangu kubwa nilitaka vyote, nikaweka waya za plagi zote, nikaja kugundua mwishoni boneti ya kushoto imepanda, nikang'oa waya kwa kibano nikiwa nimeshapaka rangi bodi nzima, nikaharibu na rangi. Wiki nne za jioni zikaenda hivyo.

Ushauri wangu kwako, kwa kuwa ni ya kwanza, acha injini wazi. Najua wengi watakwambia kinyume, watasema funga ni rahisi. Lakini we umesema shemeji kakuletea, umesubiri, ni zawadi, na injini ya Merlin ni kitu cha kufundisha, ina silinda 12 zimepangwa kwa V, lita 27, na kila silinda ina plagi mbili, kwa hiyo plagi 24. Ukiiweka mezani kila mgeni atauliza. Na ukiiacha wazi umeondoa ule mtihani mgumu kuliko yote wa kuzifunga boneti, ni nafuu hiyo.

Sasa habari ya sehemu za ziada, zile za rezini (plastiki ngumu ya kumimina) na bati. Usinunue kwanza. Kwenye boksi tayari kuna vipande vya bati jembamba, mikanda ya rubani imo, vinatosha kabisa. Watu wananunua rezini ya injini, rezini ya matairi, rezini ya kiti, mwisho wana boksi tatu na ndege moja haijaisha. Hela hiyo weka kwenye eabrashi (bomba dogo la kupulizia rangi) nzuri ya sindano 0.3 na kompresa yenye tangi. Vitu vya kupambia injini viko mtaani kwetu huku. Waya wa plagi kwenye ndege halisi ni mnene kama kalamu ya wino, tuseme milimita 8 hadi 10, ukigawa kwa 32 unapata kama 0.3. Nenda kwa fundi yeyote anayesuka mota, muombe vipande vya waya wa shaba anavyotupa, atakupa bure mpaka ushangae, na anao wa unene mbalimbali. Ule wa simu za masikioni za zamani pia unafaa kwa mirija midogo. Toboa na sindano ya pini iliyoshikwa kwenye kijiti, weka tone la supagluu kwa ncha ya njiti ya meno, basi. Na usiweke zote 24, hesabu zinazoonekana ukiwa umesimama pembeni, weka hizo, zile za ndani kati ya mistari miwili ya silinda ambazo hazionekani achana nazo.

Kingine ambacho Dodoma tumebarikiwa nacho ni chupa za mvinyo. Ile karatasi ya bati shingoni mwa chupa, ile ya metali sio ya plastiki, inakunjika na kukaa ulivyoikunja, haijirudishi kama karatasi. Mikanda ya bati ya kwenye boksi ni migumu kidogo, inakaa kama imepigwa pasi. Ukitaka mkanda ulale kitini kama kitambaa, kata ukanda wa milimita moja na nusu kutoka kwenye hiyo bati ya mvinyo, ulaze kwenye kiti, ubonyeze na kijiti mpaka ufuate umbo la kiti, halafu chukua vile vifungo vya mkanda tu vya kwenye boksi uvibandike juu. Mimi siku hizi situmii kitu kingine, na majirani wameshazoea kuniwekea chupa zao baada ya sherehe.

Tukiwa kwenye kiti. Kiti cha Spitfire nyingi za kipindi hicho kilikua cha karatasi iliyoshindiliwa na rezini, rangi yake ni kahawia yenye wekundu, na mgongoni kuna mto wa ngozi mweusi. Chumba chenyewe kilichobaki ni kijani cha kijivu. Watu wanapaka vyote kijani wanapoteza kitu kizuri sana, maana ule wekundu katikati ya kijani ndio unaovuta jicho lishuke ndani. Mlango wa rubani uko upande wa kushoto, uache wazi. Hapo ndipo jicho litaingilia, kwa hiyo upande wa kulia wa chumba, ule unaotazamana na mlango, ndio upambe kwa nguvu zako zote. Upande wa kushoto, ambao mtu anauona kwa kuchungulia kutoka juu tu, fanya kawaida. Nyuma ya kiti chini kabisa kule usifanye chochote. Unaona ninavyosema, kazi inafuata jicho.

Gundi sasa, kwa kifupi. Ile nyembamba inayotiririka ndio ya kutumia, unashikanisha vipande kwanza vikiwa vikavu, unagusa mshono na brashi, gundi inajivuta yenyewe ndani. Usipake kwanza halafu ukabandika kama viatu. Kila kitu kivalishe bila gundi kwanza, mara mbili mara tatu, shika kwa maskintepu, angalia, ndio ugundishe. Na tina ya NC ya garini usiisogeze kwa brashi kwenye plastiki hii, itakula mpaka mistari ya bodi ipotee, nimeona kwa macho yangu. Putii ya magari nayo hapana, ni nene na inavuta, kwa mianya midogo chukua vipande vya fremu iliyobaki, ile plastiki iliyoshikilia vipande kwenye boksi, katakata ndogo ndogo, tumbukiza kwenye kichupa chenye gundi robo, kesho yake una uji wa plastiki ileile ya ndege yako. Ukikauka vizuri, mpe siku mbili, unapiga msasa na hauonyeshi mpaka. Mshono wa kuangalia sana ni pale bawa linapokutana na bodi, ile shingo yenye mkunjo, pale kwenye ndege halisi kuna mstari wa bati kwa hiyo usiuzibe kabisa, unatakiwa ubaki mstari mwembamba uliolingana. Mshono wa mgongoni na tumboni ndio wa kuufuta usionekane.

Haya, rangi. Hapa nitakaa.

Umesema inatoka kama msasa. Hiyo sio bahati mbaya na wala sio rangi mbovu. Kibaigwa, Dodoma mjini, Kongwa, hewa yetu ni kavu, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja mvua hakuna, mchana jua linachoma na upepo wa Julai na Agosti we unaujua. Rangi ikitoka kwenye eabrashi inakua vitone vidogo sana, na huku tina inaruka kabla kitone hakijafika kwenye bawa. Kinachotua ni unga. Mafundi wa magari wote Dodoma wanalijua hili, gari ukilipulizia saa saba mchana mwezi wa nane linatoka kavu, halina mng'ao, ukipitisha mkono linakwaruza. Dawa ni ileile ya gari, unatumia tina ya polepole. Kwa rangi za Tamiya za maji yaani akriliki, kuna kichupa chao cha kuchelewesha kukauka, matone mawili matatu kwenye kikombe. Punguza rangi iwe kama maziwa ya kawaida sio mtindi. Shusha presha mpaka baa moja hivi, na usogee karibu, sentimita 7 au 8, sio 20 kama unapulizia geti. Na muda, hili ndio kubwa, pulizia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili. Hewa ina ubaridi, upepo umelala, vumbi la usiku limetulia. Mimi sipulizii ndege baada ya saa tatu hata iweje, hata kama nina hamu namna gani.

Kabla ya kupulizia mwaga maji sakafuni. Sio mengi, lowesha tu, vumbi likae chini. Funga dirisha la upande wa upepo lakini usijifungie, hewa itoke upande wa pili, na vaa barakoa ya mafundi ile yenye makopo ya mkaa, sio ya kitambaa. Pafu zako huzipati dukani. Modeli ukimaliza kupulizia ifunike na beseni la plastiki safi au boksi kubwa, iache usiku mzima. Wengi wanaiacha wazi ikauke ndio vumbi linatua, kumbe rangi imelowa dakika kumi tu za kwanza ndio hatari.

Na unene. Nisikilize hapa kwa makini. Rangi ya gari kutoka kiwandani, zote pamoja prima (rangi ya chini kabisa) mpaka kliakoti (vanishi ya juu), ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni nyembamba sana kwa gari. Lakini weka unene huohuo kwenye modeli yako ya 1/32, zidisha mara 32, ni kama ndege halisi imepakwa rangi nene milimita 3 na ushee, yaani nene kuliko bati la ndege lenyewe mara kadhaa! Ribiti zinajaa, mistari inajaa, kila kitu kinakua kama kimelowekwa kwenye asali. Chembe ya vumbi ambayo we unaiona ndogo, ukiizidisha mara 32 ni kokoto juu ya bawa. Ndio maana nasema uzoefu wa gari unasaidia kwa tina na hewa lakini kwa unene usahau kabisa ya gari, tabaka nyembamba ambayo bado unaona plastiki chini, subiri, nyingine, subiri, nyingine. Prima usimalize kopo. Tamiya wamechora ribiti vizuri sana kwenye hiyo seti, ni dhambi kuzizika.

Rangi zenyewe. Spitfire Mk.IX za kivita huko Uingereza zilipakwa kijani cha giza na kijivu cha bahari juu, chini kijivu cheupe cha kati, mpango ulioanza Agosti 1941. Tamiya wanazo tayari hizo, XF-81 kijani, XF-82 kijivu cha juu, XF-83 cha chini, huna haja ya kuchanganya. Anza na ya chini, halafu kijivu cha juu mabawa yote, halafu kijani kwa mabaka. Mpaka kati ya kijani na kijivu usiwe wa wembe na usiwe ukungu mpana, kwenye skeli hii ukungu usizidi milimita moja. Mi natengeneza nyoka wembamba wa udongo wa watoto wa kufinyangia, nawalaza kwenye mstari, nafunika pembeni na maskintepu, napulizia nikiwa nimenyoosha eabrashi wima. Jaribu huo udongo kwanza kwenye kipande cha kutupa maana mwingine unaacha mafuta. Ukingo wa mbele wa mabawa upande wa nje kuna ukanda wa njano, weka nyeupe chini yake ndio njano isiwe chafu. Ncha za pangaboi njano pia, inchi 4 kwenye ndege halisi, kwako ni milimita 3. Pangaboi ya Mk.IX ina mapanga manne. Na nguzo ya antena nyuma ya kioo usiifunge uzi mpaka mkiani kama unavyoona kwenye Spitfire za mwanzo wa vita, hizi redio zilishabadilika.

Flapu za mabawa, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ndege ikitua, zifunge. Hili naliomba. Flapu za Spitfire zilikua za hali mbili tu, juu au chini kabisa, na rubani akishatua alikua anazipandisha mapema, kuziacha chini ilikua kosa. Kwa hiyo Spitfire iliyoegeshwa na flapu zimeshuka ni kitu ambacho hungekiona mara nyingi. Za mkiani zile za kupandisha na kushusha pua, hizo zilale chini kidogo ndio kawaida ya ndege iliyolala.

Stika za maji. Pulizia kwanza kliakoti ya kung'aa, iache siku mbili, ndio ubandike, la sivyo hewa inabaki chini ya stika na inaonekana kama ukungu. Maji ya visima vya huku yana chumvi, yakikauka yanaacha weupe pembeni ya stika na huoni mpaka kesho yake, tumia maji ya chupa ya uvuguvugu. Matone mawili ya siki kwenye maji yanasaidia stika ilale vizuri kwenye ribiti.

Sasa uchafu wa ndege, yaani kuifanya ionekane imetumika. Hapa nina neno kwa sababu naona vijana wanaangalia modeli za watu wengine wanakopi uchafu juu ya uchafu mpaka ndege inafanana na trekta. We nenda kaangalie ndege yenyewe. Kiwanja cha Dodoma kipo katikati ya mji, ukienda kumpokea mtu simama uangalie ndege ndogo ya Cessna Caravan ikiwa imeegeshwa. Usipige picha, angalia tu, weka kichwani. Utaona ekzosi yake iko upande wa kulia wa pua, na moshi umechora mstari mmoja tu wa kijivu kurudi nyuma, mweusi karibu na ekzosi, halafu unafifia, na unafuata upepo, haujatapakaa. Upande wa kushoto msafi. Tumboni, zile zinazotua kwenye viwanja vya udongo, kuna wekundu wa vumbi umeanza nyuma ya magurudumu ukapanda kurudi nyuma. Juu ya bawa hakuna wekundu kabisa. Hiyo ndio somo lote, kila doa lina sababu na lina upande lilikotokea. Ndege zimekula vumbi letu muda mrefu, shirika la ndege la Uingereza, Imperial Airways, walipofungua njia ya kwenda Cape Town mwaka 1932 walikua wanatua Moshi, Dodoma, Mbeya, kwa hiyo hapa ni mahali pa kujifunzia kabisa.

Rudi kwenye Spitfire. Ekzosi ni sita kila upande, kwa hiyo moshi pande zote mbili, unapita juu ya shingo ya bawa. Rubani na mafundi wanapanda kwa kushoto, basi rangi imechubuka kwenye shingo ya bawa la kushoto kuliko la kulia. Misumari ya boneti inafunguliwa kila siku, basi kingo za boneti zina mikwaruzo midogo ya fedha, nazo chukua sponji ya godoro, chovya kidogo rangi ya fedha, futa kwenye karatasi mpaka karibu iishe, ndio uguse. Usiende mbali zaidi ya hapo. Vumbi jekundu la kwetu usilipake kama ndege yako ni ya kikosi cha Uingereza, kule udongo ni mwingine na nyasi ni nyingi. Ukitaka vumbi kweli utafute Spitfire za Afrika Kaskazini, zile za Mk.V ziliwekewa chujio kubwa la hewa chini ya pua kuzuia mchanga usiingie kwenye injini, pua ikawa imevimba na mwendo ukapungua, ila hiyo ni modeli nyingine.

Kuleta mistari ionekane, rangi ya mafuta ya wachoraji ya kahawia ya giza na tina nyepesi ya rangi za mafuta, ile ya nyumba, iwe kama chai. Gusa mstari, inakimbia yenyewe. Baada ya nusu saa futa kwa kitambaa kisicho na nyuzi, ukifuta kuelekea nyuma, upande upepo unakokwenda. Fanya hivi juu ya kliakoti, sio juu ya rangi tupu. Mwisho wa yote vanishi isiyong'aa, tabaka mbili nyembamba, asubuhi mapema vilevile.

Jambo lingine ambalo hujauliza lakini lazima niseme, usiiache kwenye gari wala karibu na bati la paa. Nilipeleka moja kumwonyesha rafiki Nkuhungu, nikaiacha kwenye siti ya nyuma saa nane mchana, madirisha yamefungwa, niliporudi bawa la kulia lilikua limelegea limeshuka kidogo tu, lakini lilikua limeshuka, na halikurudi. Plastiki hii haipendi joto. Chumba cha bati bila silingibodi ndani mchana kinakua jiko, weka kabatini chini, upande wa ukuta usiopigwa na jua la jioni.

Kwa hiyo ukiniuliza kesho asubuhi ufanye nini, fungua mifuko, ndio, usiogope, osha fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo kuondoa mafuta ya kiwandani, anika kivulini. Usikate kitu siku hiyo. Chukua kitabu cha maelekezo na penseli, pitia ukurasa kwa ukurasa, kila kipande kitakachofungwa kisionekane weka alama ya msalaba, kila kitakachoonekana kupitia mlango wa rubani au kwenye injini weka duara. Misalaba itakua mingi kuliko unavyofikiri. Halafu anza na kiti na ukuta wa kulia wa chumba, ndio injini. Kabla hujaunganisha nusu mbili za bodi simama hapo, piga picha mbili kwenye mwanga wa asubuhi, moja kutoka upande wa mlango na moja kutoka juu, unitumie. Nitakwambia kama ufunge au bado.